SOMO: KUCHUJA NA KUTEUA TAFITI KATIKA MAPITIO YA KIMFUMO

Watumishi wa Serikali walioko wizarani, katika idara na katika ofisi za wilaya, pamoja na wananchi wote wanaofuatilia mambo ya afya, wanaletewa somo hili juu ya kazi inayotajwa mara kwa mara katika nyaraka na vikao, lakini namna inavyotendeka haielezwi. Kazi hiyo ni kuchuja na kuteua tafiti pale yanapoandaliwa mapitio ya kimfumo. Mtumishi anaweza asiandike mapitio ya namna hiyo maishani mwake, lakini ataletewa mezani shauri lililojengwa juu yake. Na mwananchi atapewa dawa, chanjo au ushauri uliotokana nayo. Yafaa basi kila mmoja ajue utafiti huu uliingizwa kwa kanuni gani, na ule ukaachwa nje kwa sababu gani.

Mapitio ya kimfumo ni kukusanya tafiti zote zilizofanywa juu ya swali moja lililo wazi, kuziteua kwa kanuni zilizoandikwa kabla ya kazi kuanza, kuzipima ubora wake, kisha kueleza kwa pamoja zinasema nini. Mwaka 1979 Daktari Archie Cochrane wa Uingereza aliilaumu taaluma ya tiba kwa kutokuwa na muhtasari wa majaribio yake yote, uliopangwa kwa fani na kurekebishwa kila baada ya muda. Cochrane alifariki mwaka 1988, na mwaka 1993 huko Oxford ulianzishwa mtandao wa watafiti uliochukua jina lake, ambao hadi leo huandaa na kuhuisha mapitio hayo.

Tofauti yake na usomaji wa kawaida ni hii. Katika usomaji wa kawaida mtaalamu huchukua makala anazozijua, aghalabu zile zinazokubaliana na rai yake, akazifunga pamoja. Katika mapitio ya kimfumo kazi hufanana zaidi na ile ya kuchambua karafuu na makonyo: kila kikonyo hutolewa kwa kuwa ni kikonyo, si kwa kuwa mchambuaji hakupendezwa nacho, na mchambuaji mwingine akikaa penye jamvi lile lile atatoa vile vile.

Mfano kutoka Pemba

Ili maelezo yasibaki hewani, somo hili litafuata suala moja la kweli linalovihusu visiwa vyetu: kuwapa watoto wadogo madini ya chuma.

Upungufu wa damu kwa watoto wachanga ni tatizo kongwe katika nchi za joto, na ukosefu wa madini ya chuma ni miongoni mwa sababu zake kubwa. Kwa miaka mingi rai ilikuwa kwamba watoto wote wapewe nyongeza ya madini hayo. Wapo pia waliohofu kwamba chuma kingeweza kuvipa nguvu vijidudu vya malaria na vya maradhi mengine. Mwaka 2002 yalichapishwa mapitio ya kimfumo juu ya hofu hiyo. Yalikusanya tafiti 28, sita kati yao zikiwa hazijapata kuchapishwa, zenye jumla ya watoto 7,892. Jawabu lake lilikuwa kwamba nyongeza ya chuma haikuonekana kuzidisha maradhi ya kuambukiza kwa jumla, ila kuharisha kuliongezeka kidogo.

Wakati huo huo jaribio kubwa lilikuwa linaendeshwa kisiwani Pemba, ambako siku hizo malaria ilienea mwaka mzima. Watoto wa umri wa mwezi 1 hadi miezi 35 waligawiwa kwa nasibu katika makundi. Watoto 7,950 walipewa chuma pamoja na asidi ya foliki. 8,120 walipewa hivyo pamoja na zinki. Na 8,006 walipewa kidonge kisicho na dawa ndani yake. Kulikuwa pia na kundi la waliopewa zinki peke yake. Tarehe 19 Agosti 2003 makundi yaliyokuwa yakipewa chuma yalisitishwa, kwa ushauri wa kamati iliyokuwa ikiangalia usalama wa washiriki. Matokeo yalipochapishwa mwaka 2006 yalionesha kwamba watoto waliopewa chuma na foliki, wenye zinki na wasio na zinki, walikuwa na uwezekano uliozidi kwa asilimia 12 wa kufariki au kupatwa na maradhi mazito ya kulazwa hospitali.

Ndani ya jaribio hilo kulikuwa na uchunguzi mdogo wa watoto 2,413 ambao walipimwa damu na kufuatiliwa kwa karibu, na waliougua wakatibiwa mapema. Katika kundi hilo dogo madhara hayakuonekana kuzidi. Bali watoto waliokuwa na upungufu wa chuma na wa damu walipata nafuu kwa kupewa chuma. Mwaka huo huo wa 2006 zilichapishwa habari za jaribio lililofanana nalo kusini mwa Nepal, mahali ambapo malaria ni chache. Huko vifo havikuongezeka wala havikupungua.

Msomaji atazame hapo. Jaribio la Pemba peke yake lilikuwa na watoto zaidi ya mara tatu ya wale wote wa tafiti 28 za mwaka 2002. Waandishi wa mapitio yale hawakukosea katika uteuzi wao. Waliteua vizuri kutoka katika kilichokuwepo, na hata zile zisizochapishwa walizitafuta. Lakini mtu anayeandaa mapitio mapya baada ya 2006, akiandika kanuni zake bila ya uangalifu, angeweza kuliacha nje jaribio la Pemba bila ya nia mbaya yoyote. Tutaona njia nne za kulipoteza.

Kanuni huandikwa kabla

Kazi huanza kwa swali lenye sehemu zake: watu gani, wanapewa nini, wanalinganishwa na nani, ni matokeo gani yanayotazamwa, na ni aina gani ya utafiti itakayokubaliwa. Kila sehemu huzaa kigezo cha kuingiza au cha kutenga. Vigezo hivyo, pamoja na namna ya kutafuta makala, huandikwa katika itifaki, na itifaki husajiliwa hadharani kabla ya uteuzi kuanza. Tangu mwaka 2011 ipo sajili ya kimataifa iitwayo PROSPERO, iliyoanzishwa katika Chuo Kikuu cha York, Uingereza, kwa ajili ya mapitio ya mambo ya afya. Faida ya kusajili ni kwamba anayebadilisha kanuni baada ya kuona matokeo huonekana, na hulazimika kueleza sababu.

Sasa tuzipime kanuni nne ambazo kwa kuzisikia tu zaonekana za busara.

Ya kwanza: “Tutachukua tafiti zilizopima wekundu wa damu tu.” Anayeisema hii anafikiri kwamba chuma hutolewa kwa ajili ya damu, kwa hivyo kipimo ni damu. Lakini katika jaribio kubwa la Pemba jambo lililotazamwa lilikuwa ni vifo na kulazwa hospitali. Damu ilipimwa katika lile kundi dogo tu. Kwa kanuni hii wangebaki watoto 2,413 waliotunzwa vizuri, ambao chuma kiliwafaa, na maelfu waliobakia, ambao ndani yao madhara yalionekana, wangetolewa. Jawabu lingegeuka kichwa chini. Ndiyo maana inasisitizwa kwamba, isipokuwa kwa sababu maalumu, utafiti usitengwe kwa kukosa tokeo fulani. Utafiti uliowahusu watu wale na tiba ile uingie, kisha ielezwe kwamba tokeo hilo haukuliripoti.

Ya pili: “Tutachukua majaribio yaliyokamilika tu.” Jaribio la Pemba lilikatizwa. Lilikatizwa kwa sababu ya kile kile ambacho mapitio yanataka kukijua. Kutenga kila jaribio lililosimamishwa kabla ya muda ni kuyafumbia macho madhara. Ni kweli kwamba majaribio yanayokatizwa huweza kukuza ukubwa wa athari. Hilo huandikwa katika kupima ubora, baada ya kuteua, na si mlangoni.

Ya tatu: “Tutachukua chuma peke yake, kisichochanganywa na kitu.” Huko Pemba chuma kilitolewa pamoja na foliki, kwa sababu ndivyo kilivyokuwa kikishauriwa kutolewa. Hapa pana hoja ya kitaalamu yenye uzito, kwani foliki huweza kupunguza nguvu za baadhi ya dawa za malaria. Dawa ya njia ni kuingiza aina zote mbili na kuzitenganisha wakati wa kuchambua matokeo, si kuifukuza moja.

Ya nne ni nyembamba zaidi, na watu wazoefu huteleza hapa: “Virutubisho vingine viwe sawa katika makundi yote mawili.” Kanuni hii ni sahihi, na imetumika katika mapitio ya Cochrane juu ya suala hili hili. Lakini msomaji wa haraka ataona kundi la chuma, foliki na zinki limewekwa mbele ya kundi la kidonge kitupu, atasema si sawa, na atalitupa jaribio lote. Mwenye utulivu atakumbuka kwamba lilikuwepo kundi la zinki peke yake, na kwamba chuma na foliki bila ya zinki vyaweza kulinganishwa na kidonge kitupu. Kinachoteuliwa au kutengwa ni ulinganisho. Jaribio zima halibebi kosa la kundi moja.

Kutokana na haya yafaa kila anayeandika itifaki achukue tafiti mbili tatu anazozijua kuwa ni za msingi katika suala lake, azipitishe katika vigezo vyake kabla ya kusajili, na aone kama zinapita. Zikikwama, avitazame upya vigezo. Kazi hiyo huchukua asubuhi moja.

Makala zatoka wapi

Juu ya kutafuta tutasema machache, kwani ni somo la peke yake. Hifadhi kubwa kama MEDLINE na EMBASE hazitoshi kwa maswali ya Afrika. Ipo pia African Index Medicus, inayokusanya majarida ambayo aghalabu hayamo katika zile kubwa. Zipo sajili za majaribio. Na zipo ripoti zilizopangwa katika makabati ya wizara na miradi, zilizopigwa chapa nakala chache na hazikupata kutoka nje ya visiwa. Mtumishi anayetunza makabati hayo ana sehemu yake katika elimu ya dunia, japokuwa hakuna anayemwambia hivyo.

Makala zikikusanywa pamoja, moja huonekana mara tatu au nne kwa kuwa imetoka katika hifadhi tofauti. Nakala hizo rudufu huondolewa kwanza, na idadi yake huandikwa.

Macho ya watu wawili

Uchujo wa kwanza hufanywa kwa kusoma kichwa cha makala na ikisiri yake tu. Makala huwa mamia au maelfu, na nyingi ni wazi kwamba hazihusiki: zinazungumzia wanyama, au watu wazima, au chuma cha kujengea. Kanuni katika hatua hii ni kuwa mkarimu. Penye shaka, makala ipite. Itasomwa nzima baadaye. Kuingiza isiyofaa ni hasara ya saa moja, lakini kuitupa inayofaa hakuna atakayeigundua.

Watu wawili husoma kila ikisiri, kila mmoja kwa upande wake, bila ya kuona uamuzi wa mwenzake. Je, wa pili ana lazima? Swali hili limepimwa. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2020, washiriki 280 walichuja ikisiri 2,000 zilizotoka katika mapitio mawili ambayo majibu yake yalikuwa yanajulikana. Mtu mmoja mmoja aliziacha asilimia 13 ya tafiti zilizotakiwa kuingia. Walipokuwa wawili wawili, zilizoachwa zilikuwa asilimia 3. Asilimia 13 ni utafiti mmoja katika kila takriban nane, na hakuna ajuaye mapema kama huo mmoja ndio wa Pemba.

Hapa pana jambo la desturi zetu linalohitaji kusemwa wazi. Katika ofisi, mkubwa na mdogo wake wakipewa kazi hii, mdogo hungoja. Akiona Bwana Mkurugenzi ameandika “itolewe”, yeye naye huandika “itolewe”, na kama alikuwa ameandika kinyume hufuta. Hiyo ni heshima njema mahali pake, lakini katika uchujo huondoa faida yote ya kuwa na watu wawili. Kwa hivyo maamuzi yafichwe mpaka wote wawili wamalize, na wanapotofautiana lisiangaliwe jina bali kigezo. Mdogo aulizwe kwanza: “Kigezo kipi ulichokitumia?” Wasipokubaliana, mtu wa tatu aliyetajwa ndani ya itifaki huamua.

Kabla ya kuanza, wachujaji wote wapewe ikisiri hamsini au mia za majaribio, kisha wakae pamoja kutazama walipoachana. Mara nyingi kosa hugundulika kuwa liko katika kigezo kilichoandikwa kwa maneno legevu. “Watoto wadogo” ni wa umri gani? “Eneo la malaria” ni lipi? Neno likirekebishwa, tofauti nyingi hutoweka.

Makubaliano ya wachujaji huweza kupimwa kwa hesabu. Tuchukue mfano wa kubuni. Wachujaji wawili wamesoma ikisiri 200. Zote mbili wameziingiza 18, na wote wawili wamezitoa 166. Zilizobaki 16 wametofautiana: 10 ameziingiza wa kwanza peke yake, na 6 ameziingiza wa pili peke yake. Wamekubaliana katika 184 kati ya 200, yaani asilimia 92. Idadi hiyo yapendeza, lakini yadanganya, kwa sababu makala nyingi ni za kutolewa, na hata watu wawili wanaobahatisha wangekubaliana mara nyingi.

Mwaka 1960 mtaalamu wa saikolojia Jacob Cohen alitoa kipimo kinachoondoa sehemu hiyo ya bahati, kiitwacho kapa. Wa kwanza ameingiza 28, yaani 0.14 ya zote. Wa pili ameingiza 24, yaani 0.12. Kwa bahati tu wangekubaliana kuingiza katika 0.14 mara 0.12, ambayo ni 0.0168, na kukubaliana kutoa katika 0.86 mara 0.88, ambayo ni 0.7568. Jumla ni 0.7736. Toa hiyo katika 0.92, upate 0.1464; igawe kwa kile kilichobakia juu ya bahati, yaani 1 kutoa 0.7736, ambacho ni 0.2264. Kapa ni takriban 0.65. Ni makubaliano ya kuridhisha, si makubwa sana, na ni dalili kwamba vigezo virudiwe kabla ya kuendelea. Yasisitizwe hata hivyo kwamba kapa ni kipimo cha wachujaji. Haikipimi kigezo chenyewe. Watu wawili huweza kukubaliana kikamilifu katika kanuni mbovu.

Siku hizi zipo programu za kompyuta zinazosaidia kazi hii. Mojawapo ni Rayyan, iliyotengenezwa katika taasisi ya utafiti wa kompyuta huko Qatar na kuelezwa katika makala ya mwaka 2016. Huweka maamuzi ya kila mchujaji mbali na ya mwenzake, na huweza kupanga mbele makala zinazoelekea kufaa. Msaada huo ni mzuri. Ila mashine inayokisia hujifunza kwa maamuzi ya mwanzo ya wanaadamu. Wakianza vibaya huwafuata. Itifaki iseme mashine imetumika wapi, na nani alithibitisha.

Kusoma makala nzima

Makala zilizopita hutafutwa na kusomwa zote, tena na watu wawili. Hatua hii ndiyo yenye uzito zaidi. Kila makala inayotolewa sasa huandikiwa sababu moja iliyo wazi, inayotokana na kigezo kilichomo katika itifaki. “Haifai” si sababu. “Haina kundi la kulinganishia” ni sababu.

Kazi kubwa katika hatua hii ni kutambua makala zipi zimetoka katika utafiti mmoja, kwa sababu kinachohesabiwa katika mapitio ni utafiti, wala si makala. Pemba tena inatufaa. Jaribio dogo lililowahusu watoto 614 wa umri wa miezi 6 hadi 59, waliopewa chuma na dawa ya minyoo, lilitoa makala mwaka 2001 juu ya kukua kwa viungo na lugha, na nyingine mwaka 2004 juu ya damu na hamu ya kula. Lile jaribio kubwa nalo lilitoa makala ya chuma mwaka 2006 na ya zinki mwaka 2007, baada ya makundi ya zinki na ya kidonge kitupu kuendelea. Mtu asiye makini ataziona hizo kuwa tafiti nne, na watoto waliopewa kidonge kitupu atawahesabu mara mbili.

Madhara ya kosa hilo yanajulikana. Mwaka 1997 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi wa majaribio ya ondansetron, dawa ya kuzuia kutapika baada ya operesheni. Asilimia 17 ya ripoti kamili zilizochapishwa na asilimia 28 ya takwimu za wagonjwa zilikuwa zimerudiwa, mara nyingi kwa waandishi wengine na bila ya kutajana. Kwa kuzihesabu tena, nguvu ya dawa ilionekana kubwa kuliko ilivyo kwa asilimia 23. Dalili za kutazama ni mahali, tarehe za kuanza na kumaliza, idadi ya washiriki, namba ya usajili wa jaribio na majina ya watafiti. Penye shaka watafiti waandikiwe barua.

Yapo mambo yasiyofaa kuwa sababu ya kutenga. Lugha ya makala ni mojawapo. Makala ya Kifaransa, Kireno au Kichina yatafutiwe mfasiri. Umaarufu wa jarida ni jingine. Baya kuliko yote ni kutenga kwa matokeo yaliyopatikana, kwa hoja kwamba “haya hayawezi kuwa kweli”. Na mtafiti ambaye makala yake mwenyewe imo katika mchujo asiamue juu yake. Ampishe mwingine, hata akiwa ndiye mjuzi zaidi mezani. Makala iliyofutwa na jarida lake kwa udanganyifu, kwa upande mwingine, lazima itambuliwe, na kwa hiyo kila iliyoteuliwa iangaliwe upya kabla ya kuchapisha.

Mipaka ikichorwa upya

Baada ya matokeo ya Pemba, Shirika la Afya Duniani liliitisha mkutano wa wataalamu huko Lyon, Ufaransa, mwezi Juni 2006, na ushauri wa kumpa chuma kila mtoto katika maeneo ya malaria ukatazamwa upya. Mapitio ya Cochrane juu ya suala hilo yalifuata na kuhuishwa. Toleo la mwaka 2011 lilikuwa na majaribio 71 na watoto 45,353. Toleo la mwaka 2016 lilikuwa na majaribio 35 na watoto 31,955. Anayedhani kwamba ushahidi unaozidi ndio bora atashangaa kuona idadi imeshuka. Lakini swali lilikuwa ni la watoto wanaoishi palipo na malaria, na mchujo uliobanwa zaidi kwa mipaka ya swali ulijibu kwa uwazi zaidi.

Jawabu lilikuwa na pande mbili. Mahali ambapo hapakuwa na huduma za kuzuia na kutibu malaria, waliopewa chuma walipata malaria zaidi kwa takriban asilimia 16. Mahali ambapo huduma hizo zilikuwepo, hawakuzidi. Walipungua kwa takriban asilimia 9. Mwaka huo huo mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ulieleza kwamba katika maeneo ya malaria chuma kitolewe sambamba na hatua za kuikinga, kuipima na kuitibu malaria. Kwa visiwa vyetu, ambako tangu mwaka 2003 vyandarua, upuliziaji wa dawa majumbani na dawa mpya za mseto viliipunguza malaria sana, muuguzi wa kituo cha shehia anayempa mama chupa ya dawa ya damu kwa ajili ya mwanawe anafanya hivyo katika hali ambayo watoto wa 2003 hawakuwa nayo.

Kumbukumbu za uteuzi

Mwaka 2009 ulitolewa mwongozo uitwao PRISMA, na toleo jipya lililopewa jina la mwaka 2020 likachapishwa mwaka 2021. Mwongozo huo hutaka njia yote ya uteuzi ioneshwe kwa idadi. Mfano, wa kubuni pia: rekodi zilizopatikana 1,460, nakala rudufu zilizoondolewa 310, zilizochujwa kwa kichwa na ikisiri 1,150, zilizotolewa hapo 1,068, zilizotafutwa nzima 82, zisizopatikana 4, zilizosomwa 78, zilizotolewa 59, kati yao 21 kwa kutogawa washiriki kwa nasibu, 14 kwa kukosa kundi la kulinganishia, 11 kwa umri, 8 kwa kuwa makundi yote yalipewa chuma, na 5 kwa dozi, zilizobakia makala 19 zilizotokana na tafiti 13. Mtumishi anayeletewa ripoti aanze kwa kuangalia kama hesabu hizo zinaafikiana. Zisipoafikiana, ripoti irudishwe kwa mwandishi kabla ya kusomwa zaidi. Aidha aulize tarehe ya mwisho ya kutafuta makala. Kama imepita zaidi ya mwaka mmoja, utafutaji urudiwe kwa vigezo vile vile, na zitakazopatikana zichujwe kama za mwanzo.

Orodha ya makala zilizotolewa baada ya kusomwa nzima, pamoja na sababu ya kila moja, iambatanishwe na ripoti na itiwe jaladani. Zile nne zisizopatikana nazo zitajwe kwa majina, ili mwenye nakala kabatini mwake aweze kuileta.